Jinsi ya kusoma na kufuatilia FBP ya mgonjwa wa TB sugu, tangu kabla ya kidonge cha kwanza

Nimemuuguza mdogo wangu miezi sita yote ya dozi ya TB sugu, na katika hiyo miezi sita kitu kilichoninyima usingizi sio kikohozi, ni karatasi ya FBP, yaani Full Blood Picture, kile kipimo cha kuhesabu chembe za damu. Unapewa karatasi ina mistari ishirini na kitu, HGB, WBC, PLT, sijui MCV, pembeni kuna herufi L na H zimepigwa nyota, nesi ana foleni mpaka nje ya mlango, daktari keshaita mgonjwa mwingine, na wewe unatoka nayo mkononi hujui ucheke au ulie. Mimi sio daktari, ila niliuliza sana, nikaandika kila kitu kwenye daftari, na haya ndo ninayotamani mtu angeniambia siku ya kwanza.

Zamani mgonjwa wa TB sugu alikuwa anapelekwa Kibong'oto kule Siha, Kilimanjaro, ambako matibabu ya TB sugu hapa nchini yalianza 2009, analazwa, anachomwa sindano kila siku kwa miezi, dozi inafika hadi miezi 20, na wapo waliopoteza uwezo wa kusikia kwa zile sindano. Sasa hivi wengi wanameza vidonge tu, miezi sita, wako nyumbani. Ni neema kubwa kwa kweli. Lakini maana yake ni kwamba zile siku ishirini na tisa katikati ya kliniki moja na nyingine hakuna daktari anaemwona, uko wewe. Ndo maana naona mtu wa nyumbani lazima ajue kusoma hii karatasi, angalau mistari minne.

Anza na karatasi ya kwanza, ile ya kabla ya kidonge cha kwanza. Hii usiipoteze kabisa, ipige picha, itume kwa ndugu mwingine, iweke kwenye mfuko wa nailoni na kadi ya kliniki, kwa sababu namba zote zitakazokuja baadae zinapimwa kwa hiyo. Wengi wanadhani kabla ya dawa damu ya mgonjwa iko sawa halafu dawa ndo zinaiharibu, sio hivyo. TB yenyewe inavuruga damu. Mwili ukipigana na mdudu kwa muda mrefu unayafungia madini ya chuma kwenye maghala yake ili mdudu asiyapate, sasa na uboho, pale ndani ya mifupa damu inapotengenezwa, nao unakosa chuma cha kutengenezea chembe nyekundu. Ndo unakuta mtu ana upungufu wa damu na hajatokwa na damu popote. Chembe nyeupe zinaweza kuwa juu, limfosaiti zikawa chini, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, mara nyingi zinapanda kupita kiwango. Mdogo wangu alianza na HGB, yaani wingi wa damu, 9.8 na PLT, yaani chembe sahani, 612. Mwanaume mzima kawaida HGB inatakiwa 13 kwenda juu, mwanamke 12, mjamzito 11, na chembe sahani kawaida ni kati ya 150 na 400 au 450 hivi kutegemea maabara. Kwa hiyo alianza akiwa na L moja, yaani chini ya kiwango, na H moja, yaani juu ya kiwango, na bado hajameza hata kidonge kimoja.

Sasa dawa. Dozi ya miezi sita inaitwa BPaLM, ndani yake kuna bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini, Shirika la Afya Duniani liliipitisha 2022 kwa wenye miaka 14 kwenda juu. Dawa zote nne zina mambo yake, bedakwilini na moksifloksasini zinaangaliwa kwenye moyo kwa ile ECG, kipimo cha umeme wa moyo, lakini kwenye damu wa kumwangalia kwa karibu ni linezolidi. Inavyofanya kazi ni hivi, inamzuia mdudu asitengeneze protini zake. Tatizo ni kwamba ndani ya seli zetu wenyewe kuna vinu vidogo vya kuzalisha nguvu, na mtambo wa protini wa vile vinu unafanana na wa bakteria, kwa hiyo dawa ikimpiga mdudu inavigusa na vile vinu vyetu kidogo kidogo. Uboho unafanya kazi usiku na mchana bila kupumzika kwa hiyo ndo unaumia mapema, na mishipa ya fahamu ya miguuni na ya macho inafuata. Dozi ikiwa kubwa na muda mrefu, madhara yanakuwa makubwa. Kwenye utafiti wa Nix-TB wa Afrika Kusini uliotoka 2020 wagonjwa 109 walipewa linezolidi ya miligramu 1200 kwa siku, karibu nusu uboho wao ulilegea. Baadae ukaja ZeNix, 2022, wakajaribu miligramu 600 kwa wiki 26, waliopatwa na tatizo la uboho wakashuka mpaka kama 2 kwa kila 100, na waliopona bado walikuwa 91 kwa 100. Ndo sababu dozi ya sasa ni 600. Nilivyosikia hii nilishusha pumzi, kwa sababu mtaani watu walikuwa wanatuambia hizo dawa zinakausha damu kwa kila mtu, sio kweli, ila kufuatilia ni lazima, kwa sababu hujui mgonjwa wako ataangukia wapi.

Ratiba ya kupima ni kabla ya kuanza, wiki ya pili, halafu kila mwezi mpaka mwisho. Ile ya wiki ya pili ndo watu wengi wanairuka kwa sababu mgonjwa ameshaanza kujisikia nafuu na nauli ni shida. Usiiruke. Weka tarehe zote kwenye simu siku hiyohiyo anayoanza dawa, na ukifika kliniki wakasema leo mashine mbovu au vitendanishi vimeisha, uliza kwa upole anaweza kupimwa wapi wiki hiyohiyo, usikubali kuambiwa tu njoo mwezi ujao.

Siku ya kutoa damu hahitaji kukaa na njaa, anywe chai yake na maji ya kutosha mishipa ionekane. Tyubu ya FBP ni ile yenye kifuniko cha zambarau, ndani ina dawa ya kuzuia damu isigande, na hapa naomba unisikilize vizuri. Mwezi wa kwanza majibu ya mdogo wangu yalirudi PLT 41. Wiki mbili nyuma alikuwa na 540! Nilikaa kwenye benchi pale nje miguu haina nguvu. Nikaanza kukumbuka asubuhi ilivyokuwa, mshipa ulisumbua, walimchoma mara tatu, damu ikawa inatoka kwa kudonoa donoa kwenye bomba la sindano, mwisho ikamiminwa kwenye tyubu na ile tyubu ikachomekwa kwenye kibao wima hivyohivyo bila kugeuzwageuzwa. Nikarudi dirishani nikamwambia fundi maabara, kaka samahani, hii naomba iangaliwe tena, asubuhi damu ilitoka kwa shida. Bahati nzuri alikuwa mtu muelewa, akapaka tone kwenye kioo akaangalia kwa hadubini, chembe sahani zilikuwa zimeshikana mafungu mafungu, mashine ilikuwa inalihesabu fungu zima kama kitu kimoja au haihesabu kabisa. Akachukua damu upya mkono mwingine, safari hii akaigeuza tyubu juu chini taratibu kama mara nane au kumi bila kuitikisa, majibu yakaja 388. Kwa hiyo PLT ikianguka ghafla namna hiyo na mtu hana jeraha linalovuja, hana madoa mekundu kwenye ngozi, jambo la kwanza ni kuomba kipimo kirudiwe na kioo kiangaliwe. Na ukiweza pima maabara ileile kila mara, mashine hazifanani kabisa.

Haya, karatasi iko mkononi, unaangalia nini. HGB kwanza, wengine wanaita wingi wa damu. Maabara nyingine zinaandika 9.8, nyingine 98, ni kitu kilekile kipimo ndo tofauti, usije ukadhani damu imeongezeka mara kumi. Halafu PLT. Inaandikwa 240, maana yake laki mbili na arobaini elfu kwa tone dogo kabisa la kipimo. Halafu WBC ambazo ni chembe nyeupe zote kwa jumla, na ndani yake NEU, neutrofili, askari wa kwanza kufika kwenye maambukizi. Kwenye NEU angalia ile namba kamili sio asilimia, asilimia inadanganya, mtu anaweza kuwa na asilimia nzuri ya kitu kichache.

Hapo kwenye NEU kuna jambo linawatisha sana watu wetu bure. Viwango vingi vilivyochapishwa pembeni mwa karatasi vinaanzia 2.0 kwa sababu vimetoka kwa watu wa nchi nyingine. Waafrika wengi wana neutrofili chache kwa asili, ni jambo la kurithi linaloendana na kukosa alama fulani kwenye chembe nyekundu, mtu anatembea na 1.4 au 1.2 maisha yake yote na haumwi ovyo. Kwa hiyo ukiona L kwenye NEU rudi kwenye karatasi ya kwanza. Kama alianza na 1.5 na leo ana 1.4, hapo hamna habari. Kama alianza na 4.8 na leo ana 1.4, hapo mwambie daktari leo.

Na hiki ndo kitu nilichochelewa kukielewa: herufi L na H zinamlinganisha mgonjwa wako na watu wengine, wewe unatakiwa umlinganishe na yeye mwenyewe. Chukua mwanaume alieanza na HGB 14. Mwezi wa pili ana 10.4. Karatasi itaandika L moja tu ya kawaida, na mtu anaweza kusema si mbaya, kuna wenye 8 huku. Lakini huyu kapoteza zaidi ya robo ya damu aliyoanza nayo! Robo ndo mpaka ambao wataalamu wengi wanautumia kusimama na kufikiri upya kuhusu linezolidi, pamoja na ule wa HGB kushuka chini ya 8. Hesabu yake nyepesi, chukua namba ya kwanza zidisha kwa 0.75 kwenye simu, jibu liandike kwa wino mwekundu juu ya ukurasa wa daftari. Kwa huyo wa 14 ni 10.5. Kwa mdogo wangu ilikuwa 7.35, kwa hiyo kwake mpaka wa 8 ndo ungemkuta kwanza.

Kuna na upande wa pili, kushuka ambako ni kuzuri. PLT ya mdogo wangu kutoka 612 kwenda 540 kwenda 388, mama alikuwa analia, anasema damu inaisha, kumbe ilikuwa TB inatulia na chembe sahani zinarudi mahali pake. Na HGB mwezi wa kwanza mara nyingi inapanda yenyewe kwa sababu ugonjwa unapungua, yake ilitoka 9.8 ikaenda 10.1 ikaenda 10.6. Ndo maana ikipanda halafu ikageuka na kuanza kushuka, hiyo kona ndo ya kuiangalia, hata kama namba bado iko juu ya pale alipoanzia.

Daftari letu lilikuwa la kawaida la shule, mistari ya tarehe, wiki ya ngapi, HGB, WBC, NEU, PLT, uzito, na sehemu ya mwisho naandika kilichotokea wiki hiyo, kaumwa malaria, kapewa dawa gani nyingine, miguu inawaka moto au haiwaki. Hiyo sehemu ya mwisho ndo daktari aliipenda kuliko zote. Kwa sababu damu haishushwi na linezolidi peke yake. Malaria inashusha HGB na PLT vyote kwa pamoja na ndani ya siku chache tu. Minyoo ya safura inanyonya taratibu. Dada mwenye hedhi nzito anapoteza damu kila mwezi na wakati mwingine anaona aibu kusema kliniki, muulize wewe. Mwenye VVU kama bado anatumia dawa yenye zidovudini, ile AZT, lazima kliniki ya TB ijue kabla ya kuanza, kwa sababu nayo inakandamiza uboho na haitakiwi kuwa pamoja na linezolidi, wengi sasa wako kwenye TLD, kidonge cha VVU kisicho na AZT, lakini hakikisha, usidhanie. Septrini nayo inaweza kuchangia. Hakuna dawa ya kuacha kichwani mwako, peleka vidonge vyote na makopo yake kliniki waone.

Wiki ya nane HGB ilisoma 9.4. Daktari akasema hatusubiri mwezi, rudi baada ya wiki mbili. Wiki ya kumi 8.3, PLT 176. Wiki ya kumi na moja 7.8, PLT 158. Akawa anapanda ngazi tatu za nyumbani anasimama, moyo unamwenda mbio, viganja vyeupe kama unga. Zote zinashuka kwa pamoja, malaria hana, kinyesi kimepimwa hakina kitu, hapo ndo wakasema ni uboho. Linezolidi ikasimamishwa, zile tatu akaendelea nazo, baada ya wiki mbili HGB 8.6, PLT 260, akarudishiwa linezolidi kwa miligramu 300. Hakuongezewa damu, ingawa wapo wanaohitaji kuongezewa. Uzuri wa hili tatizo ni kwamba dawa ikipunguzwa au ikisimamishwa mapema uboho kwa kawaida unaamka, ukilinganisha na ganzi ya miguu ambayo inaweza kukaa muda mrefu sana.

Lakini aliesimamisha ni daktari. Naliandika hili kwa herufi za kawaida ila lichukulie kwa uzito wote: usimtolee mgonjwa kidonge kimoja kwenye dozi kwa sababu umesoma karatasi, hata kama umeelewa kila mstari. Linezolidi ikitolewa mapema mno dawa zilizobaki zinaweza zisitoshe, mdudu anajifunza na hizo, na baada ya hapo njia zinakuwa nyembamba sana. Kazi yako ni kuifikisha namba kwa daktari haraka. Uamuzi wa kupunguza, kusimamisha au kubadilisha dozi nzima ni wake, na atauangalia pamoja na makohozi na wiki ya ngapi ya dawa.

Kuhusu chakula na juisi za damu. Mpe matembele, dagaa, maini, maharage, juisi ya rozela kama anaipenda, anahitaji kula vizuri na pretomanidi na bedakwilini zenyewe zinamezwa na chakula. Ila elewa kwamba uboho ukiwa umekandamizwa na dawa, bitiruti hata ndoo nzima haitaufungua, shida sio malighafi, kiwanda ndo kimezimwa. Na FEFO, vile vidonge vya kuongeza madini ya chuma, usimpe kwa kujiamulia, sababu ya pili wengi hawaijui kabisa: madini ya chuma yanaikamata moksifloksasini tumboni, inapita bila kuingia mwilini vizuri. Hivyohivyo zinki na zile dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu. Kama daktari ameandika chuma, moksifloksasini imezwe angalau masaa 4 kabla yake au masaa 8 baada yake. Sisi moksifloksasini ilikuwa asubuhi na wenzake, chuma saa tatu usiku na kengele ya simu.

Mambo ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri tarehe: damu ya pua au fizi isiyokata, vidoa vyekundu vidogo kama vichomo vya sindano kwenye miguu, michubuko inayotokea tu yenyewe, kinyesi cheusi kama lami, homa kwa mtu ambae NEU zake mara ya mwisho zilikuwa chini, kuishiwa pumzi akiwa amekaa, kuzimia. Na kuona ukungu au rangi kufifia, hiyo sio damu lakini ni linezolidi hiyohiyo, nayo haisubiri. Nilikuwa namfunika jicho moja moja kila Jumapili namwambia asome kalenda ya ukutani.

Dozi ikiisha usilifunge daftari. Yeye mwezi wa sita alimaliza na HGB 11.4, bado chini ya 13, tukaambiwa turudi kwa uchunguzi na FBP nyingine, na mgonjwa anatakiwa aendelee kuonwa mwaka mzima baada ya kidonge cha mwisho kuhakikisha TB haijarudi. Miezi mitatu baadae karatasi ilisoma 13.2, PLT 284, haina L wala H hata moja, mama akaomba abaki nayo, ipo kwenye mkoba wake wa kanisani mpaka leo.